Bakteria wa Udongoni Dhidi ya Fangasi: Mlinzi Unamweka Kabla Mwizi Hajaingia



Msimu wa matikiti ukifika, swali ninaloletewa kuliko mengine yote ni hili: "Bwana shamba, tikiti zangu zinanyauka, nipige nini?" Anayeuliza mara nyingi yuko wiki ya sita au ya saba. Matunda yameshashika, yana ukubwa wa ngumi. Mtaji wote umeshaingia: mbegu chotara, mbolea, mafuta ya pampu, vibarua wa palizi, kodi ya shamba. Mmea asubuhi unauona mzima, mchana umelala, jioni unanyanyuka kidogo, na baada ya siku tatu nne haunyanyuki tena. Jibu langu huwa halipendwi: kama huo ni mnyauko fusari, kwa mmea huo hakuna cha kupiga.

Siku hizi swali limeongezewa kipande. "Nimesikia kuna dawa ya bakteria, ya kibayolojia, inazuia fangasi. Nimwage hiyo?" Dawa hizo zipo, ni za kweli, na mimi ni mmoja wa wanaozishauri. Ila namna swali linavyokuja inaonesha mtu anataka kuzitumia kama dawa nyingine za dukani: ugonjwa umeingia, nanunua, namwaga, unapona. Bakteria hawa hawafanyi kazi hivyo. Wao ni walinzi. Ukimwajiri mlinzi wakati mwizi ameshatoka na televisheni, utalipa mshahara wa bure.

Kwa hiyo leo tuzungumze wanafanyaje kazi, maana ukielewa hapo utajua mwenyewe lini uwatumie na lini usipoteze hela.

Kwanza pasua shina

Kabla ya kununua chochote, jua unapambana na nani. Ng'oa mmea ulioanza kunyauka, siyo ule uliokauka kabisa. Angalia mizizi. Ikiwa na vinundu vinundu, una minyoo fundo, na hao ni tatizo lako la kwanza kwa sababu matundu wanayotoboa ndiyo mlango wa fangasi. Kisha kata shina karibu na udongo ulipasue kwa urefu. Mishipa ya ndani ikiwa na rangi ya kahawia, na majani yalianza kuwa ya njano upande mmoja wa mmea, fikiria fusari.

Kwa nyanya, hoho, bilinganya na viazi, ongeza jaribio moja. Kata kipande cha shina, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi, ncha ya chini iwe imezama kidogo, na usikitikise. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya maji, huo ni mnyauko bakteria, siyo fangasi. Ni bakteria wabaya, na karibu yote nitakayosema hapa chini hayatakuokoa nao. Nimeona watu wanamwaga dawa ya fangasi msimu mzima kwenye shamba la mnyauko bakteria. Glasi moja ya maji ingewaokolea fedha yote hiyo.

Kwenye kitalu mambo ni mepesi kuyatambua. Miche inayolegea shingo na kuanguka, sehemu inayogusana na udongo ikiwa imenywea na kulainika, hiyo ni kinyaushi. Huko ndiko bakteria hawa wanakofanya kazi yao nzuri kuliko mahali pengine.

Ni bakteria gani hawa?

Kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri kinabeba mamia ya mamilioni ya bakteria. Wengi hawana habari na wewe. Wachache wanapenda kuishi kwenye mizizi, na kati ya hao wapo wanaogombana na fangasi. Wanaouzwa sana duniani ni wa jamii ya Bacillus, hasa Bacillus subtilis na ndugu zake kama Bacillus amyloliquefaciens na Bacillus velezensis. Jamii ya pili ni Pseudomonas, na jina la kutafuta ni Pseudomonas fluorescens. Andika majina haya kwenye simu yako, maana ndiyo utakayoyatafuta kwenye lebo.

Utakutana pia na Trichoderma. Muuzaji atakwambia "hii nayo ni bakteria." Siyo. Trichoderma ni fangasi, ila ni fangasi mwema anayekula fangasi wabaya. Inafaa, na tunaitumia, lakini ukiimwagia dawa ya fangasi unaiua yenyewe. Tofauti hiyo ina maana ya hela.

Tofauti kati ya Bacillus na Pseudomonas nayo ni ya hela. Bacillus akikosa chakula hujifungia ndani ya ganda gumu, spora. Ndani ya ganda hilo anavumilia ukavu na joto kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana anaweza kuuzwa kama unga kwenye pakiti. Pseudomonas hana ganda hilo. Ni mkali kwenye mizizi, anakua haraka, lakini dawa yake ikikaa dirishani dukani au kwenye buti ya boda juani, unaweza kubeba nyumbani maiti. Kwa mazingira yetu, na kwa maduka yetu mengi yasiyo na friji, ukiniuliza mimi uanze na ipi, nakwambia Bacillus.

Udongo unaokataa ugonjwa

Wazo hili halikuanzia kiwandani. Lilianzia kwa wakulima walioona kitu cha ajabu. Kusini mwa Ufaransa kuna mahali panaitwa Châteaurenard, wakulima huko wanalima matikiti yale madogo yenye harufu. Fangasi wa fusari yumo kwenye udongo wao, lakini mimea hainyauki kama inavyonyauka kwingine. Watafiti walipouchemsha udongo ule kwa joto, kinga ikapotea. Walipochukua kiasi kidogo cha udongo ule ule ambao haujachemshwa wakauchanganya kwenye udongo mwingine, kinga ikahamia huko. Kama ingekuwa ni mfinyanzi au madini, joto lisingeiondoa. Kwa hiyo kinga ilikuwa kitu hai.

Walipochunguza zaidi wakakuta ni kundi. Walikuwemo fusari wasio na madhara, ndugu wa yule mbaya, waliokuwa wanagombea naye chakula, na walikuwemo bakteria wa Pseudomonas. Marekani, jimbo la Washington, walikuta jambo linalofanana kwenye ngano: ugonjwa wa kuozesha mizizi ulipanda miaka ya mwanzo, kisha ukashuka wenyewe pale ngano ilipoendelea kulimwa mfululizo. Pseudomonas walikuwa wameongezeka kwenye mizizi, wanatoa kemikali inayomzuia yule fangasi. (Usije ukachukua hilo kama ruhusa ya kurudia tikiti juu ya tikiti. Kwenye ngano kinga ilikuja baada ya miaka ya hasara, na kodi ya shamba lako haisubiri.)

Wanamzuiaje fangasi?

Mzizi unapokua unatoa sukari na vitu vingine vitamu kwenye udongo unaouzunguka. Fusari amelala udongoni, pengine amelala miaka mingi, anasubiri harufu hiyo. Akiipata anaamka, anaota, anaingia kwenye mzizi. Sasa kama bakteria wetu wameshatangulia, wanakula ile sukari na kujenga utando mwembamba juu ya ngozi ya mzizi. Fangasi akiamka anakuta chakula kimeliwa na mlango umekaliwa.

Hawakai kimya tu pia. Bacillus hutoa kemikali zinazotoboa ngozi ya chembe za fangasi, zikavuja kama puto. Pseudomonas wana mbinu ya madini ya chuma: wanatoa kitu kinachoyakamata na kuyavuta kwao, fangasi anabaki na upungufu. Halafu kuna jambo ambalo mimi hulipenda zaidi, kwamba mmea wenyewe ukiguswa na bakteria hawa mizizini unakaa macho. Ugonjwa ukija hata kwenye jani, mmea unajibu haraka kuliko ule ambao haukuguswa. Siyo chanjo kamili, lakini ni kama mtu aliyeambiwa usiku huu kuna wezi mtaani.

Angalia basi: kila njia niliyotaja inahitaji bakteria wawe wamefika kwanza. Fusari akishaingia ndani ya mishipa ya maji ya mmea, wale walioko juu ya mzizi hawawezi kumfuata na kumtoa. Ndiyo maana kwenye wiki ya saba jibu langu ni lile lile.

Mahali pa kuwaweka: trei, siyo shamba zima

Hapa tupige hesabu. Tikiti kwa nafasi ya mita 2 kwa mita 1, ekari moja ni mimea kama 2,000. Ukiotesha miche kwenye trei za matundu 128, trei 16 zinakupa miche 2,048. Ukimwagilia mchanganyiko wa bakteria lita moja kwa kila trei, unatumia lita 16, yaani bomba moja la mgongoni. Ukisubiri hadi shambani, ukaweka mililita 200 kwa kila shimo, unahitaji lita 400, sawa na mabomba 25. Kwa kipimo kile kile cha dawa kwa lita, gharama imepanda mara 25, na vibarua wa kubeba maji hujawahesabu. Kitaluni mzizi wote uko kwenye tundu dogo, unakutana na bakteria wote. Shambani unamwaga kwa kubahatisha.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Wamwagie mara ya kwanza siku ya kusia mbegu au mche unapotokeza. Siku moja kabla ya kuhamisha, mwagia trei tena, mche uingie shambani ukiwa na walinzi wake mizizini. Kama una mfumo wa matone, rudia kupitia pipa la mbolea wiki mbili tatu baada ya kuhamisha, maana mizizi mipya imekua na haijavishwa kitu. Ambaye anapanda mbegu moja kwa moja shambani, apake mbegu kama lebo inaruhusu, au amwage kwenye shimo wakati wa kupanda. Kipimo cha gramu au mililita fuata lebo ya bidhaa yako, kwa sababu nguvu zinatofautiana sana.

Fanya kazi hii jioni, kuanzia saa kumi. Jua kali linaua bakteria waliobaki juu ya udongo. Udongo uwe na unyevu kabla hujamwaga, siyo mkavu wala siyo tope. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza. Na bomba la kupulizia lioshe vizuri, hasa kama jana lilikuwa na dawa ya kopa.

Vitu vinavyowaua

Kopa, yaani dawa za shaba, ni adui yao mkubwa. Ni nzuri kwa kazi yake, ila ukiichanganya na bakteria kwenye bomba moja umenunua vitu viwili ukapata kimoja. Streptomaisini na dawa za kusafishia mabomba ya matone zinaua vilevile. Bacillus akiwa bado kwenye ganda anavumilia kiasi, lakini akishaamka kwenye mzizi hana tofauti na bakteria mwingine. Usichanganye pia na mbolea kali kwenye chombo kimoja. Tenganisha siku, na idadi ya siku iwe ile iliyoandikwa kwenye lebo.

Chakula chao nacho kiwepo. Kwenye mchanga mtupu usio na mboji wanaadimika haraka. Mboji iliyoiva vizuri ni makazi na chakula chao kwa pamoja, na yenyewe huja na bakteria wema wa asili. Samadi mbichi siyo mboji, usiniambie umeweka mboji wakati bado inatoa moshi.

Dukani

Angalia namba ya usajili ya TPHPA, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, na jina la bakteria. Kisha tafuta herufi CFU. Hizo zinakwambia idadi ya chembe hai, kwa mfano bilioni moja kwa gramu. Pakiti iliyoandikwa tu "bakteria wazuri wa udongo, inatibu magonjwa yote, inaongeza mavuno" bila jina wala idadi, irudishe kwenye rafu. Muulize muuzaji ilihifadhiwa wapi. Akikuonesha kasha lililokuwa linapigwa na jua, nenda duka jingine.

Vijana wengi wananiuliza kama wanaweza kununua pakiti moja wakaizalisha wenyewe kwenye pipa la molasi. Naelewa hamu ya kubana matumizi. Lakini ndani ya pipa lile, kwenye joto la banda lako, anayekua haraka siyo lazima awe yule uliyemnunua. Wapo ndugu wa Bacillus wanaosababisha sumu kwenye chakula, na kwa macho na pua huwezi kuwatofautisha. Kwenye matango na hoho zinazoliwa mbichi, mimi sikubali. Na hata hii ya dukani, ukiwa unapima unga vaa barakoa na glovu. Ni hai, siyo unga wa ngano.

Na magonjwa ya majani je?

Kwa ubwiri unga kwenye matango, ukianza kupulizia Bacillus mapema kabla unga haujaenea, inasaidia. Faida yake kubwa kibiashara ni karibu na mavuno. Tango na hoho unavuna kila baada ya siku chache, na dawa nyingi za kawaida zinakutaka usubiri siku kadhaa kabla ya kuvuna. Bidhaa nyingi za Bacillus zinaruhusu kuvuna siku hiyo hiyo, lakini soma lebo ya kwako usiniamini mimi. Anayeuzia hoteli au msafirishaji wa nje anajua hapo namaanisha nini.

Bakajani chelewa ni habari nyingine. Kwanza kisayansi siyo fangasi kamili, ni binamu wa mbali, na kwenye baridi na mvua inamaliza nyanya ndani ya siku chache. Kijana wa Ilula au Lushoto anayetegemea bakteria peke yake wakati wa ukungu na manyunyu anacheza kamari. Tumia dawa iliyosajiliwa kwa ugonjwa huo, ubadilishe makundi ya dawa, na bakteria wabaki mizizini wanakohusika.

Shamba lenye fusari tayari

Wengi mnakodi. Mkuranga, Kibiti, Bagamoyo, mtu anachukua shamba kwa msimu mmoja, analima tikiti, anaondoka. Anayefuata naye analima tikiti. Fusari ya tikiti inakaa udongoni miaka mingi bila tikiti lolote, na hakuna pakiti itakayoiondoa. Kabla ya kulipa kodi, muulize mwenye shamba, na jirani yake pia, misimu iliyopita palilimwa nini. Ukisikia tikiti mfululizo, shusha bei au ondoka. Jambo la nafuu ni kwamba fusari ya tikiti siyo ile ya nyanya. Kila moja ina zao lake, kwa hiyo shamba lililochoka tikiti linaweza kukupa nyanya au mahindi vizuri.

Ukiwa huna pa kwenda, bakteria peke yao hawatoshi. Chagua mbegu chotara ambayo pakiti yake imeandikwa inastahimili fusari. Pima udongo, na kama una tindikali weka chokaa hadi pH ifike karibu 6.5, maana fusari inapenda udongo wenye tindikali. Nitrojeni itoke zaidi kwenye mbolea za naitreti kama CAN kuliko zile zenye amonia tupu. Shughulika na minyoo fundo. Juu ya hayo yote, ndipo uweke bakteria kwenye trei. Mmea ulionyauka ung'oe na mizizi yake, utoe nje ya shamba, usiuburuze katikati ya mistari, na jembe ulilotumia hapo lioshe.

Mwisho, msikubali maneno ya muuzaji wala yangu bila kupima. Trei mbili kati ya 16 usizimwagie bakteria. Zipande mistari yake katikati ya shamba, siyo pembeni, weka kijiti cha alama, na mengine yote yafanye sawasawa. Kila wiki hesabu mimea iliyonyauka kwenye mistari hiyo na kwenye mistari miwili ya jirani, andika kwenye daftari. Siku ya kuvuna hesabu matunda yanayouzika pande zote mbili, zidisha kwa bei ya siku hiyo, toa gharama ya pakiti. Tofauti ikiwa ndogo kuliko bei ya pakiti, msimu ujao hela hiyo nunulia mboji.

Na ukinitumia picha ya mmea unaonyauka, tuma ya shina lililopasuliwa pamoja na mizizi iliyooshwa. Picha ya jani lililolala hainiambii kitu.